Ratiba Ianze na Maji

Anayepanga masomo ya watoto katika vijiji vya delta ya Rufiji huanza na karatasi aliyoizoea: safu tano za Jumatatu hadi Ijumaa, na vipindi vya dakika 40 kuanzia saa 2 asubuhi. Ni karatasi ile ile inayobandikwa ukutani kwa mwalimu wa taaluma kule Kibiti mjini, Bungu au Mchukwi, na huko inafaa, kwa sababu barabara ya Kilwa haipwi wala haijai. Salale, Mbuchi, Msala, Maparoni na Kiongoroni mambo ni mengine. Njia ya kwenda darasani huko mara nyingi ni mkondo wa maji unaokatiza msitu wa mikoko mkubwa kuliko wowote Afrika Mashariki, na saa za kupitika hupangwa na bahari. Miaka niliyoshughulika na madarasa ya jumuiya, yaani makundi ya watoto wanaosomeshwa na wazazi na vijana wa kijiji kwa sababu shule iko mbali au waliikosa, imenifikisha kwenye hoja moja ninayotaka kuitetea hapa. Ratiba ya darasa la delta ianze na maji na mpunga, ndipo yafuate masomo. Ratiba ya namna hiyo humpa mtoto muda mwingi zaidi wa kujifunza kuliko ile ya saa 2 asubuhi, na wanaoiona kuwa ni kuishusha elimu hawajaihesabu vizuri.

Tuanze na maji yenyewe. Pwani hii bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja maji ya bamvua, yanayojaa sana na kupwa sana. Katikati yake ni maji mafu, ambayo hujaa kidogo na kupwa kidogo. Mpangaji wa ratiba akishika jambo moja tu, ashike hili: siku za bamvua, ukingoni mwa bahari maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa karibu na saa 4 asubuhi. Ndani ya mikondo huchelewa kidogo, lakini mtiririko ni huo huo. Basi saa 4 asubuhi ya siku za bamvua, wakati ratiba ya kawaida inasema Hisabati, vijito vimebaki tope tupu, mtumbwi umelala ubavu hauna pa kwenda, na mashimo ya kaa yako wazi kati ya mizizi ya mikoko. Mtafuta kaa huingia matopeni saa hizo hizo, na mtoto wa miaka kumi na moja huwa nyuma yake na ndoo. Siku za maji mafu mambo hugeuka. Saa 4 asubuhi maji yamejaa, mtumbwi unapita, na matopeni hakuna cha kufuata. Chukua daftari la mahudhurio la darasa lolote la huko, uliweke kando ya tarehe za mwezi mwandamo, na utoro ulioandikwa kama ukaidi wa mzazi utauona una mpangilio wake.

Kisha mpunga. Hupandwa mvua zinapoanza, kati ya Novemba na Januari, ukapaliliwa masika, ukavunwa kuanzia Mei au Juni hadi Julai. Suke likianza kujaza, ndege hushuka, kwelea kwelea hasa, na usiku nguruwe mwitu nao hawako mbali. Hapo familia huhamia shambani, kwenye dungu: jukwaa la nguzo lililoinuliwa juu ya ardhi yenye maji, ngazi ya miti, paa la makuti au nyasi, mkeka, na rundo la mabonge ya udongo ya kurushia. Kuamia ndege ni kazi inayofuata saa za ndege wenyewe. Hushambulia kunapopambazuka, na hurudi alasiri jua linapopoa; joto la mchana likiwaka hujificha mitini. Kwa hiyo mtoto aliyekaa dunguni ana kazi ya kukatisha pumzi asubuhi, ana kazi tena jioni, na katikati, kuanzia saa 5 hivi mpaka saa 9, ana muda mrefu mtupu ambao hakuna ratiba iliyowahi kuuomba. Kalenda ya taifa ina siku 194 za masomo na likizo ya Juni, na likizo hiyo humfaa kiasi mtoto wa mvunaji. Lakini kuamia hutangulia mavuno. Aliyekwenda dunguni mwishoni mwa Aprili hurudi darasani Julai, mada zote za kufungia muhula zikiwa zimempita.

Hesabu ya mfano itasaidia. Siku 194 kwa saa 5 za vipindi ni saa 970 kwa mwaka. Tuseme bamvua na dungu vinamtoa mtoto darasani siku 2 katika kila siku 5: zinabaki saa 582. Sasa chukua darasa la saa 3 tu kwa siku, linalokaa siku 200 kwa mwaka, kwa saa ambazo mtoto yupo: ni saa 600. Na tofauti kubwa haiko kwenye zile saa 18. Saa 582 za kwanza ni vipandevipande. Mtoto alikuwepo sehemu zilipoanza kufundishwa, akajua kiasi na asili. Akakosa siku ambazo mwalimu alieleza kwa nini haiwezekani kujumlisha nusu na theluthi kabla ya kutafuta asili ya pamoja, akarudi darasa limeshafika kwenye desimali. Kuanzia hapo anakaa anatazama ubao. Wengi tunaowaita wazito wa Hisabati ni watoto waliokosa siku nne za maana, na hakuna aliyewaambia ni zipi.

Jambo hili halikuanza leo. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, MEMKWA, ulianza 1999 kwa majaribio katika wilaya 5, mojawapo ikiwa Kisarawe, humu humu mkoani Pwani. Ulichukua watoto wa miaka 8 hadi 13 katika kundi la kwanza na wa miaka 14 hadi 18 katika la pili, ukawafundisha saa chache kwa siku, kwa muda ambao wazazi walikubaliana nao, na mtoto wa kundi la kwanza aliyefaulu mtihani wa darasa la nne akaingia darasa la tano na wenzake wa shule ya kawaida. Miaka 30 na zaidi kabla ya hapo, Machi 1967, Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea alishapendekeza likizo za wanafunzi zipishane ili kazi ya shamba la shule isilale. Bangladesh, nchi nyingine inayoishi na delta, shirika la BRAC lilifungua mwaka 1985 shule 22 za chumba kimoja, kila moja ikiwa na watoto 30 hivi, mwalimu mmoja na saa kama 3 za masomo, na saa hizo walizichagua wazazi. Kinachounganisha mifano hii ni heshima kwa muda wa watu. Aliyeiandaa aliuliza kwanza watu wanapatikana lini, ndipo akatafuta chaki. Sisi tumeirithi MEMKWA, na mahali pengi tukairudisha kwenye saa 2 asubuhi kwa sababu ndizo saa anazozijua mkaguzi.

Ratiba ninayoipendekeza inagawa mwezi mwandamo, siku 29 au 30, mafungu mawili, kila fungu likibeba bamvua yake na maji mafu yake. Siku za maji mafu darasa hukaa asubuhi, saa 2 hadi saa 5, maji yakiwa yanajaa na watoto wa vitongoji vya ng'ambo wakiletwa kwa mtumbwi. Siku za bamvua, ambazo ni 5 au 6 katika kila fungu, darasa huhamia mchana, saa 8 hadi saa 11 jioni, maji yakirudi mikondoni na waliokuwa matopeni wakiwa wameshaoga na kula. Mada mpya hufundishwa siku za maji mafu, watoto wakiwa wametulia. Siku za bamvua ni za mazoezi, kusoma kwa sauti, imla na kusahihisha, kwa kuwa wapo watakaokuja wamechoka. La muhimu kuliko yote, kila fungu liwe na mada moja ya Hisabati na moja ya Kiswahili zinazoanza na kuisha humo humo. Ukutani ikae karatasi yenye safu nne: fungu, mada, zoezi la kurudia, na majina ya waliokosa. Mtoto akirudi baada ya wiki mbili asiambiwe amekosa wiki mbili. Aambiwe amekosa kutoa kwa kukopa, apewe mazoezi 20 ya kutoa kwa kukopa, na mkubwa mmoja wa kukaa naye. Msimu wa madungu mwezeshaji naye ahame. Mashamba huwa karibu karibu, na madungu sita au saba yanaweza kutoa watoto wa kutosha kukutana chini ya mti mmoja saa 5 hadi saa 8, kila mmoja na daftari lake na kitabu kimoja cha hadithi cha kubadilishana.

Kuhusu masomo yenyewe nina msimamo ambao si kila mtu ataupenda. Wanaopanga masomo ya jumuiya za wavuvi na wakulima hupenda kuyajaza uvuvi na ukulima, wakidhani ndiko kuyafanya yafae. Mradi wa elimu yenye manufaa uliosimamiwa na UNESCO mikoa ya Ziwa kati ya 1968 na 1972 ulikuwa na vitabu vya kusomea vya pamba, vya migomba na vya uvuvi, na ulifanya kazi kubwa ambayo nchi nzima ilijifunza kwayo. Lakini walengwa wake walikuwa watu wazima, na mkulima alitakiwa apate humo mbinu mpya za kilimo. Mtoto wa Msala hahitaji kitabu cha kumfundisha kaa anakaa shimo gani. Yeye ndiye wa kutufundisha. Anachohitaji ni kile ambacho matope hayawezi kumpa: kusoma ukurasa na kuuelewa, kuandika barua isiyohitaji mtu wa kuifafanua, kuzidisha na kugawa, kujua ramani, kujua mwili wake na magonjwa, na Kiingereza cha kumwezesha kusimama kidato cha kwanza. Maji na kaa viingie kama data. Watoto wakipigilia kijiti chenye alama za sentimita kwenye mkondo na kuandika kimo cha maji kila saa, wamepata jedwali, wamepata grafu, na wamepata swali la sayansi la kwa nini kesho maji yatachelewa. Mzani wa mnunuzi wa kaa unafundisha kilo, gramu, bei na hasara ya kutojua kusoma mshale. Hizo ni Hisabati na sayansi za kweli, na zitampeleka mbele kuliko sura kumi za "umuhimu wa uvuvi".

Kuna wanaosema ratiba inayohamahama itawachanganya watu, kwamba mzazi hatakumbuka wiki hii ni asubuhi au mchana. Pingamizi hili lina nguvu Dar es Salaam. Delta mwezi huhesabiwa na kila mtu: mvuvi anauhesabu kwa ajili ya bamvua, na msikiti unauhesabu kwa ajili ya Ramadhani, Maulidi na Idi. Tarehe ambayo mzazi huikumbuka kwa shida ni ile ya kalenda ya ukutani. Ugumu wa kweli upo kwa chuo, kwa kuwa vyuo vya Qur'ani vingi hukaa mchana, saa zile zile ninazoziomba kwa siku za bamvua. Hapa hakuna njia ya mkato. Mwalimu wa chuo lazima awe mjumbe wa kamati ya ratiba tangu siku ya kwanza, na makubaliano yawe ya kupeana: siku za bamvua chuo kikae baada ya alfajiri kabla watu hawajaingia matopeni, siku za maji mafu mchana wote ni wake. Vituo vya madrasa vya awali vilivyoanzia Mombasa miaka ya 1980 na kufika Zanzibar 1990 vilionyesha kwamba mwalimu wa dini na masomo ya kawaida wanaweza kukaa chumba kimoja bila mmoja kumfukuza mwenzake. Kugawana saa ni jambo jepesi kuliko hilo. Na Ramadhani, ambayo kila mwaka hutangulia kwa siku 11 hivi, ipewe mafungu yake mafupi ya saa 2 asubuhi, mapema, kabla kiu haijabana.

Pingamizi zito zaidi ni la watoto kufanya kazi. Ukihamisha darasa ili mtoto aende kwenye kaa, mtu atauliza, si umeibariki ajira ya watoto? Swali hili nalichukulia kwa uzito wote, kwa sababu matopeni mna hatari za kweli: miiba, vipande vya chaza, maji yanayorudi kwa kasi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa au kushirikishwa kazi, tena nyepesi, isiyomdhuru wala kumzuia shule. Basi darasa lisitoe ruhusa ya kazi, liandike kinachotokea. Safu ile ya waliokosa, ikijazwa pamoja na sababu, itaonyesha ni nani anayekwenda na mama yake kwa saa mbili na kurudi, na ni nani anayepelekwa dago, yaani kambi ya muda ya wavuvi, wiki nzima kumpikia na kumbebea mtu asiye hata ndugu. Huyo wa pili ni wa kupelekwa kwa afisa ustawi wa jamii, na ratiba ya saa 2 asubuhi isingemtofautisha na wa kwanza. Wote wangekuwa watoro. Mtoto wa kike naye huonekana. Akikosa siku za bamvua tu, ni kaa. Akikosa kila siku, kuna mdogo anayemlea au kuna mahari inayozungumzwa, na kijiji kilijue mapema.

Wengine wanahofia kuwa hii ni elimu ya daraja la pili, na kwamba mtihani wa taifa hausubiri bamvua. Ni kweli hausubiri. Upimaji wa darasa la nne na mtihani wa darasa la saba vina tarehe zake, na Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka kila mtoto aliyefika umri aandikishwe na ahudhurie. Ndiyo maana darasa la jumuiya lisijitenge. Liwe chini ya shule mama, watoto wawe na namba katika rejesta ya shule hiyo, na mwalimu mkuu aidhinishe mafungu ya mwaka kwa kuyalinganisha na muhtasari wa wizara, mada kwa mada. Baadhi ya vyumba 3,000 vya shule shikizi vilivyojengwa nchini kwa fedha za UVIKO-19 vilikusudiwa watoto wa aina hii hasa, wanaotembea mbali au kuvuka maji. Tofali tumelisogeza karibu na mtoto. Saa bado tumeiacha mjini. Na daraja la elimu hupimwa kwa mtoto kusoma. Kati ya anayesoma habari ya ukurasa mzima akaeleza kilichomo, aliyefundishwa saa 9 alasiri chini ya mwembe, na anayeinakili ubaoni bila kuielewa saa 3 asubuhi katika darasa lenye vigae, ni rahisi kusema nani yuko daraja la pili.

Mto wenyewe nao haukai vile vile. Mafuriko ya Aprili 2024 yalifunika mashamba na makazi Rufiji na Kibiti, mpunga ukaenda, na ratiba yoyote ya madungu mwaka ule ilibaki karatasi. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na wakulima wa chini ya bwawa wanajifunza upya lini maji yatapanda na lini yatashuka. Hii ni sababu ya kupanga kila mwaka upya. Bahari haibadiliki: bamvua za mwaka ujao zinaweza kuandikwa leo. Mto na mvua ndivyo vya kusubiriwa, kwa hiyo mafungu ya kupanda na ya kuamia yaachwe wazi mpaka wazee wa mashamba waseme.

Lililobaki ni mwezeshaji, na hapa ndipo madarasa mengi hufa. Kijana aliyemaliza kidato cha nne Kibiti akarudi kijijini anaweza kufundisha mwaka mmoja kwa moyo. Mwaka wa pili atakwenda Nyamisati kupakia boti za Mafia, na hatukosi kumwelewa. Wazazi wanaweza kutoa mpunga wakati wa mavuno, na wengi wako tayari. Posho ya fedha ni wajibu wa halmashauri, iwekwe kwenye bajeti ya shule mama pamoja na chaki na vitabu. Mwaka wa fedha huanza Julai, na makadirio yake hupangwa miezi kabla, wakati watu wa delta wameshatawanyika kupanda. Kwa hiyo maombi ya posho hiyo yaandikwe kwenye mkutano wa kijiji wa Oktoba, yakiwa na majina ya watoto na umri wao, mafungu 24 ya mwaka yenye mada zake, saa za maji mafu na za bamvua, saini ya mwalimu wa chuo, na jina la shule mama itakayoyabeba mpaka Kibiti.